Blauzi Isiyotakiwa Kufuliwa

Fundi cherehani wa mlango wa pili anaapa kwamba Mama Usingizi, mlezi wa watoto wa mtaa, huwatilia dawa kwenye uji.

"Watoto kumi na mmoja wanyamaze saa saba kamili, kama redio imezimwa? Labda mimi ndiye mtoto wa kudanganywa," anasema, uzi mdomoni.

Dawa yenyewe imo kwenye boksi chini ya meza: nguo za akina mama, zilizovaliwa na hazijafuliwa. Saa saba, kila mtoto hulalia ya mama yake.

"Mimi na wewe tunanusa jasho," anasema mlezi huyo wa miaka hamsini na mbili, akitandika mkeka. "Mtoto anamnusa mama."

Hana cheti. Ana chumba kimoja cha kupanga, na akina mama wanaoingia kiwandani kabla jua halijatoka. Mengine kajifunza kwa kutazama: aliyelala vizuri huamka akamegea mwenzake kiazi, aliyekosa usingizi huuma watu.

Leo mmoja hajalala. Binti wa miaka minne ameegemea ukuta, blauzi ya bluu magotini. Mama yake ameondoka miezi mitatu sasa, yuko mji wa mbali, analea mtoto wa watu. Aliacha blauzi hiyo. Binti akiifunga kiunoni alikuwa anacheza na wote, hata zamu za kuruka kamba alizipanga yeye.

Ijumaa alirudi nayo nyumbani. Jumamosi bibi yake akaifua, akaipiga na pasi.

"Niliona aibu, mwanangu," bibi alimwambia mlezi Jumatatu asubuhi. "Mtoto atembee na nguo inanuka, watasema hana kwao."

"Hujakosea, mama. Ila sabuni imeondoka na mwenye nguo."

Tangu Jumatatu binti hachezi. Wenzake wakimwita, anainusa blauzi, anaigeuza, anaikunja upya.

"Hii ya nani?" anauliza.

Saa kumi na mbili jioni wa mwisho anachukuliwa, na chumba kinakuwa kikubwa ghafla. Wanawe Mama Usingizi walilelewa na dada yake, yeye akiwa kazini kwa watu.

"Wakipiga simu ni shikamoo, halafu kwaheri," anasema, akifagia.

Anatamani chumba cha pili, cha kuchezea, chenye dirisha. Lakini kwanza hili. Jumatatu alimwandikia mama wa binti: "Mpe kondakta wa basi nguo uliyovaa. Tafadhali usiifue."

Leo ni Alhamisi, na jibu bado. Anaitazama simu, anailaza juu ya boksi, kioo juu, anaendelea kufagia palepale alipokwisha kufagia.