Cherehani ya Mama Kapinga

Ninawaambia kabla wanafunzi wangu, wanaoniita Maître, hawajawaambia. Ninafundisha ushonaji katika karakana ya vijana wasioona, hapa komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, Kongo. Mwenzangu Mama Kapinga tulimzika Jumamosi. Cherehani yake niliifunika kwa kitenge mwenyewe, isiguswe mpaka kilio kiishe.

Jumatatu asubuhi nilifika nikidhani mimi ndiye wa kwanza. Umeme hakuna, madirisha yamefungwa, kupitia ufa wa mlango ndani giza tupu. Ndipo nikaisikia cherehani ya marehemu, ile ya kukanyaga, ikilia kwenye kona yake. Ilinyamaza, ikalia tena, polepole, jinsi Mama Kapinga alivyokuwa akikunja pindo.

Mwanamume mzima nikapiga magoti mlangoni, nikaungama.

« Mama, unisamehe. Ile duka ya nguo iliandika barua, iliuliza kama mwanafunzi wako Béa anaweza kazi. Miye niliandika ati hawezi peke yake. Kisha nikamudanganya Béa, nikamusomea ati duka ndiyo imekataa. »

Cherehani ikanyamaza. Nyayo zikaja gizani moja kwa moja, bila kujikwaa popote. Mlango ukafunguka.

Alikuwa Béa, asiyeona tangu kuzaliwa, na ufunguo wa marehemu shingoni.

« Maître, mama alinipatia ufunguo. Alisema nguo za bantu wenye kulipa zisichelewe, hata kukiwa kilio. »

Akaniwekea robe, gauni la mteja, mikononi. Pindo lake lilinyooka kuliko langu.

« Ni ya tatu tangu alfajiri. Ile barua ya duka, utaandika ingine leo. Na muntu mwengine ndiye atanisomea. »