Skana inayosoma chini ya ngozi, na vidole vya mama nilivyosugua kwa gunzi

Wakuu, salaam. Mimi humu ni msomaji tu, elimu yangu darasa la saba. Leo nimejikaza kuandika, na sitaongeza chumvi.

Juzi mdau mmoja aliweka uzi kuhusu skana mpya zinazopiga picha chini ya ngozi ya kidole. Anasema huko ndani alama zipo vilevile ulivyozaliwa nazo, hata kama za juu zimefutwa na kazi.

Niliusoma mara tatu, nikazima simu.

Mama alizaliwa Kituntu, hapa hapa nchini, ila wazazi wake walitoka Rwanda. Akaolewa huku Kihanga, akamenya ndizi maisha yake yote. Wanaojua utomvu wa ndizi wanajua jinsi vidole vinavyokuwa. Vyeusi, vimepasuka.

Alitaka kitambulisho cha taifa. Si cha kusajilia laini, simu hana. Alitaka tu watu waache kumwita mtu wa kuja.

Waandikishaji walipofika kata yetu, akaona aibu kwenda na mikono ile. Nikamsugua mwenyewe kwa limau, majivu na gunzi la mahindi, mpaka weusi ukatoka. Akavaa kitenge cha kanisani.

Skana ikakataa. Vidole vyote kumi.

Dada wa mashine hakuwa na ubaya, alimtania tu. "Bibi, alama zako umeziacha wapi?"

"Kwenye migomba, mjukuu wangu."

Watu wakacheka. Ndipo jirani yetu mmoja kwenye foleni, aliyekula ndizi za mama misiba yote ya pale kijijini, akasema, "Hao wa ng'ambo ya mpaka ndivyo walivyo."

Mama akajifuta vidole kwenye kitenge.

Dada akaniuliza kama tumemsugua. Nikakubali. Akasema tumekwangua hata kile kidogo kilichobaki. Apumzishe mikono, apake mafuta, arudi.

Apumzishe, nani amenye? Alirudi mara mbili, ikakataa.

Mwaka huu tumemzika. Kwenye fomu ya kifo, pa namba ya kitambulisho, nilichora mstari. Jirani yule alishika jembe kaburini. Nikamshukuru, maana ndiyo desturi.

Nilichojifunza: mwenye mzazi anayemenya ndizi asimsugue. Mpeleke na weusi wake.

Ambao wazazi wao walikataliwa na skana, andikeni hapa chini. Nitasoma hata nisipojibu.

Kumbe alama alikuwa nazo zote kumi, ndani. Amezikwa nazo.