Fidia ya Shabani

Siku ile nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, kijijini kwetu upande wa Tunda, na mama ananigombeza kwamba naacha vijiti. Mimi na mama tulikuwa hivyo, hatukai bila maneno. Kaka yangu Ramazani alikuwa Kindu. Waungwana, wale wafuasi wa Waarabu, walimpa jina hilo pamoja na bunduki, naye alijivunia vyote viwili, ingawa kulenga hakujua.

Vita vya waungwana na Wazungu vilikuwa bado mbali nasi. Tulivisikia kwa watu waliopita na mizigo kichwani. Jioni Ramazani akaingia uani, bila bunduki, midomo imemkauka. Alikuwa ametembea siku nne.

Waungwana walimweka zamu ukingoni mwa mto Lualaba. Asubuhi, katika ukungu, mtumbwi ukatokea. Mtu akapiga kelele kwamba askari wa Wazungu wanavuka. Ramazani akafyatua. Ndani alikuwemo Shabani, kijana wa Kindu, anatoka kutazama migono yake ya samaki.

Watu wa siku hizi wakisikia fidia wanawaza mbuzi na nguo. Kwetu mbuzi walifidia shamba lililoliwa. Damu ya mtu ilifidiwa kwa mtu, na asipotolewa, ndugu wa marehemu walimfuata aliyeua, vita viwepo visiwepo. Nyumba yetu ilikuwa na watoto wawili. Nilijua kabla sijaambiwa.

Baba mdogo ndiye aliyenipeleka Kindu. Mama yake Shabani, Mwamini, alikuwa mjane, na mtoto mwingine hakuwa naye. Baba mdogo akaushika mkono wangu, akauweka mkononi mwa Mwamini.

"Njo huyu," akasema. "Haiko tena wa kwetu. Ni mutoto wako."

Mwamini akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mwembamba," akasema. Akatia chumvi ulimini mwangu, kisha mwake, na maneno yakaisha. Wakubwa wakaenda kula.

Akanipa jina la Shabani, kama desturi ilivyotaka. Msichana mzima, Shabani! Wenzangu walicheka mtoni mpaka wakamwaga maji yao. Mwamini hakunipiga hata siku moja, wala hakunipenda. Aliniita jina lile akiangalia pembeni. Nami nilimchukia, nasema kweli. Kila nilipolala niliwaza njia ya kurudi kwa mama.

Njia ilifunguka Wazungu walipofika Kindu.

Risasi zilianza asubuhi, tukiwa kwenye mpunga.

Watu wakakimbilia mtoni. Askari wa kofia nyekundu walikuwa wanachoma nyumba, moja baada ya nyingine.

Mwamini alinivuta mkono.

Nikauchomoa.

"Shabani!" akapiga kelele. "Shabani, usiniache!"

Sikugeuka.

Nilitembea siku tano nikila ndizi za kuiba. Nilifika kwetu mchana. Mama alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Aliponiona aliinuka, ungo ukamwanguka, mchele wote chini. Akaja mbio hatua tatu, nne. Kisha akasimama.

Nyuma yake, ndani, nilimwona Ramazani ameketi, anashona wavu. Nikirudi mimi, fidia imevunjika. Watu wa Shabani watamfuata yeye. Njia nzima sikuliwaza hilo. Mama aliliwaza kabla hajanifikia.

Alitandika mkeka nje, akachinja kuku. Ole wangu! Nani anamchinjia kuku mtoto wake wa nyumbani siku ya kazi? Alininawisha mikono kwa birika. Kisha akaketi mbali kidogo, kama unavyoketi na mtu usiyemjua.

"Karibu, mgeni," akasema. "Mama yako hajambo?"

Nilitaka kulia mpaka kijiji kizima kitoke. Lakini Ramazani alikuwa amekuja kusimama mlangoni, na alikuwa kaka yangu.

"Hajambo," nikasema. "Anawasalimu."

Kesho yake nilirudi Kindu. Mwamini alikuwa hai, mguu umeungua, ameketi kwenye kibanda cha majani palipokuwa na nyumba yake. Hakuniuliza nilitoka wapi. Alinituma maji, nikaenda. Tukaishi pamoja miaka mingi, na mwisho nikamzika mimi.

Wanaosema fidia ile ilitimia hawasemi uongo. Hakuna aliyeuawa tena kwa ajili ya Shabani, na Ramazani alizeeka akaona wajukuu. Mwamini alipata mtu wa kumchotea maji, mwanawe hakumpata.

Mama alifariki mvua ya pili baada ya mimi kula kuku wake. Habari ilinifikia kwa mchuuzi wa chumvi, katikati ya habari nyingine. Sikwenda. Matanga hukaa watoto wa marehemu.