Mwaka wa Uturuki Nilioukataa

Barua ya ufadhili ilifika siku ya nne tangu nichaguliwe makamu wa rais wa serikali ya wanafunzi chuoni kwetu. Mwaka mzima Uturuki, gharama zote juu yao, jibu walilitaka ndani ya siku kumi.

Kabla sijaisoma mara ya pili, baba alishatangaza jumuiyani. Baba ni mwalimu mstaafu kutoka Kagera, mtu wa kupanga mambo. Jumapili nilipotoka hosteli kwenda nyumbani Kimara, nikawakuta wanajumuiya sebuleni wananiombea safari njema. Mama mmoja kaniletea sweta.

"Baba, mbona mie sijaamua," nilimwambia walipoondoka.

"Uamue nini? Wenzako wanalilia nafasi hiyo, wewe unataka kubaki ukahangaikie maji ya hosteli."

Hayo maji ndiyo yaliyonipa kura. Muhula wa tatu huo mabomba ya jengo la wasichana yalikuwa makavu, tunapandisha ndoo hadi ghorofa ya nne. Niliahidi mbele ya wenzangu kwamba nitayashughulikia.

Chuoni nako yale yale. Rais wetu alishaandika kwenye grupu kwamba makamu haendi popote.

"Sista, ukiondoka sie tumekwisha," aliniambia.

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza kwanza. Akasema alidhani jibu analijua.

Niliwaandikia wafadhili kuomba niende mwaka unaofuata. Wakajibu nafasi haiahirishwi.

Siku ya kumi nilikataa. Wala haukuwa ushujaa. Nilichoka kuamuliwa, halafu asubuhi ile nilimkuta jirani yangu wa chumba cha pili, mjamzito wa miezi saba, kakaa kwenye ngazi na ndoo yake, anatafuta pumzi. Nilipompa baba habari, alizima redio akaingia chumbani. Kwa wiki tatu shikamoo yangu aliiitikia bila kuniangalia.

Nikadhani sasa nitafanya kazi. Vikao viwili vya kwanza tulijadili rangi ya fulana za viongozi. Cha tatu, maandishi ya mgongoni. Ofisi ya majengo nayo, kila nikienda, wimbo ni mmoja: pampu imeungua, tunasubiri bajeti.

Mwisho nikamwomba mzee mmoja, fundi bomba wa mtaani kwetu Kimara, aje aangalie. Alizunguka nyuma ya jengo, akafukua majani makavu, akachuchumaa.

"Pampu yenu nzima, mwanangu," alisema. "Ila koki kuu imefungwa."

Baadaye ilijulikana kwamba waliifunga mafundi waliokuja kupaka rangi, hakuna aliyekumbuka kuifungua. Mzee aliizungusha kwa mikono miwili, na huko juu vigelegele vikaanza. Mie nilikaa juu ya tofali nikalia kwa hasira. Mihula mitatu ya ndoo.

Jioni nikampigia baba.

"Shikamoo, baba. Maji yametoka."

"Marahaba. Kumbe yalikuwa na nini?"

Nikamweleza. Nikasikia anavuta kiti.

"Kwa hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi moja," alisema. "Ungeimaliza ndani ya zile siku kumi, ukapanda ndege."

Nilimuuliza kama mama yupo, akampa simu.