Nyumba Yenye Mkia

Enzi zetu nyumba ilijulikana kwa kasoro yake. Kwetu Mtinko kulikuwa na nyumba iliyoinama, nyumba ya mlango mfupi, na ya kwetu, ambayo majirani waliiita nyumba yenye mkia. Mkia wenyewe ulikuwa ukuta mfupi, kimo cha kiuno cha mama, uliotoka kwenye kona ya baraza ukakatiza uani hadi jikoni, kisha ukaendelea mpaka chooni. Baba aliujenga kwa sababu ya upepo. Mliokulia Singida mnaujua upepo wetu wa kiangazi: ukiwasha kuni unazima moto, ukipakua mlenda unautia mchanga. Watu walimcheka, wakamwuliza nyumba hiyo itaanza lini kutembea. Naye akawajibu neno lake la siku zote, "Nyumba si nguo ya Idi, utaamka nayo kila siku," akaendelea kupiga lipu.

Nakumbuka ukuta ule kuliko ninavyokumbuka darasa la kwanza. Asubuhi tulikaa juu yake tukinywa uji wa uwele, miguu inaning'inia. Wakati wa mavuno tulipigia alizeti chini yake, makapi yakatuingia shingoni tukajikuna mpaka jioni. Mvua ya kwanza ikinyesha tulijibanza hapo, chini ya paa lililotokeza mbele ya baraza, tukisikiliza maji yakishuka kwenye mfereji na kuingia kwenye pipa. Maji yale mama aliyalinda kama samli. Ole wako uyanawie miguu.

Lakini hasa tulicheza kipofu. Mmoja alifungwa macho kwa khanga ya mama, akazungushwa mpaka kizunguzungu, kisha akatakiwa kufika jikoni asijikwae. Rama, mdogo wangu, alikuwa bingwa wa kudanganya. Alichungulia kwa chini ya khanga, na bado alijigonga kwenye kinu. Mama alikuwa akisonga ugali huko ndani, na bila kugeuka aliita, "Shika ukuta, mwanangu. Ukuta hauna haraka." Watoto wa siku hizi nao hushika ukuta, ila wanatafuta soketi ya kuchajia simu.

Basi Rama sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Dodoma, na ameamua kumkarabatia mama nyumba. Ni mtoto mwema, sitamsema vibaya. Tatizo ni picha. Aliipata kwenye simu, akaipenda, akamtumia fundi: paa la kuficha nyuma ya ukuta, dari la jipsamu ndani, marumaru zinazong'aa mpaka unajiona meno, choo kipya, na uani pavingi tupu, vile vitofali vya saruji vya kutandaza, kutoka ukuta wa nje mpaka mlangoni. Ni nyumba ile ile mnayoiona Shelui, mnayoiona Manyoni, kama vile nchi nzima tumeshonewa sare. Paa halitokezi, kwa hiyo baraza halina kivuli wala mfereji hauna pa kukaa. Na mkia wa baba hauko.

Mama haoni tena. Presha ya macho ilianza kumnyemelea taratibu, na sasa anabaki na mwanga kidogo tu, wa kujua kama ni mchana. Anaishi na binti wa shangazi, lakini hapendi kushikwa mkono. Anatoka chumbani, anagusa fremu ya mlango, anapapasa baraza, anaupata ukuta, anakwenda jikoni na chooni peke yake kwa heshima yake. Sementi ya juu imelainika kwa kiganja chake.

Nilipoiona ile picha nilimwaza mama. Niliogopa marumaru zikilowa. Niliogopa mama asimame katikati ya uwanja mtupu asijue aelekee wapi, halafu aanze kukaa chumbani kutwa nzima kwa kuogopa kutusumbua. Nilimpigia Rama simu, akaniambia, "Dada, unapenda mambo ya zamani." Nilimwuliza mama, akasema, "Kama mwanangu ameona ni vizuri, basi." Kwetu mama hakatai zawadi ya mtoto, hata ikimbana kama kiatu. Hilo ndilo lililonikosesha raha wiki nzima.

Leo Jumamosi Rama akaja kuona kazi inavyoanza. Fundi alikuwa ameshapiga mambo, vile vijiti vya kupimia, na kuvuta kamba uani, na kesho wangeanza kwa kubomoa mkia. Mama alikuwa barazani anachambua choroko kwa vidole. Rama alipomaliza kumwamkia shikamoo, nilichukua khanga kwenye kamba ya nguo nikamwambia, "Njoo tucheze." Alicheka, akakubali. Nilimfunga macho, safari hii nikakaza vizuri, nikamzungusha, nikamwambia aende jikoni kwa njia ya picha yake, mkono usiguse ukuta.

Alikwenda hatua chache kwa mbwembwe, kisha akapunguza. Akanyoosha mikono. Mguu ukanasa kwenye kamba ya fundi, akapepesuka, akasimama akiwa amelipa jiko kisogo. Mama alizisikia zile nyayo.

"Rama, shika ukuta."

"Mama, kwenye ramani mpya haupo."

Mama akaacha choroko. "Basi mimi nitapita wapi?"

Lilikuwa swali lake la kwanza tangu ukarabati uanze kusemwa. Rama alikaa na ile khanga usoni muda mrefu kuliko mchezo ulivyotaka, na alipoifungua macho yalikuwa mekundu. Akainama, akang'oa vile vijiti kimoja baada ya kingine, akampigia fundi simu: paa libaki na upana wake, mfereji uwekwe mpya, ukuta usiguswe, ila choo kipya kikijengwa ukuta ukifikie.

Bado nina hofu. Kesho fundi anakuja, na ile picha haijafutwa kwenye simu. Nimemwona Rama akiiangalia tena wakati wa chai. Lakini jioni mama alipoinuka kwenda jikoni, Rama alimfuata nyuma kimya kimya, akitazama mkono wake unapopita. Zamani tulijifunga macho kwa kucheza, na mama ndiye aliyetuonyesha njia. Siku hizi tunacheza na picha macho wazi, na yeye anatusubiri tuione njia yake.