Baraza Nililolivunja kwa Mkono Wangu

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kitita cha funguo, bisibisi moja ndefu na jengo la ghorofa nne pale mtaa wa Karama, Uarabuni. Arbab, yaani mwenye jengo, mama yake alikulia Unguja, kwa hivyo masharti alinipa kwa Kiswahili.

“Makame, wapangaji wakigombana, wapatanishe. Maji yakigombana, niite mimi.”

Hivyo nikawa natur, mwangalizi wa jengo. Natur hufagia ngazi, hupokea wageni, na huwasha pampu ya kupandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu ya paa. Vijana wa leo mna vifaa vya kila namna vya kutafutia maji yanayovuja. Sisi tulikuwa na bisibisi: ncha kwenye bomba, mpini sikioni. Bomba zima hukaa kimya, linalovuja hupiga mluzi.

Kasoro moja ilinikera. Mlangoni hapakuwa na pa kukaa, na Mzanzibari gani atalinda mlango usio na baraza? Nikaomba ruhusa, nikakoroga saruji, nikajenga baraza la kimo cha goti kando ya lango. Mahali penyewe palikuwa na kifuniko cha chuma kilichooza kwa kutu. Nikadhani ni cha shimo la zamani lisilo na kazi, nikakifukia bila kumwuliza mtu.

Historia yote ya jengo lile ilipita pale. Palikuwa na fundi cherehani Msudani aliyevaa suti kila siku na hakuruhusu mtu aiguse. Palikuwa na mlinzi Mkenya aliyefanyia mazoezi ya kwaya ngazini, hata Waislamu tukazijua tenzi zake. Na palikuwa na Bi Zuhura, mjane wa chumba cha chini, mwenye birika la kahawa na ulimi mkali kuliko tangawizi yake. Juu ya baraza langu posa tatu zilikubaliwa na talaka moja ikazuiwa.

Miaka ikapita. Asubuhi moja nikakuta nguzo ya mbele imelowa. Mhandisi akaja, akachimba huku na huku, koki kuu ya kufungia maji asiione. Ramani za jengo zilikwishapotea.

“Sir, msingi unakunywa maji,” alimwambia arbab. “Nipate koki hiyo kabla ya Alhamisi, au watu wote watoke.”

Bi Zuhura akanishika mkono. “Makame, miaka yote hii, leo nifunge virago? Nende wapi mie?”

Nikachukua bisibisi yangu. Nililifuata bomba kutoka mita ya maji hadi lilipoingia chini ya baraza. Mluzi ulikuwa pale pale. Hapo nikakumbuka kile kifuniko.

Viza yangu ilikuwa mikononi mwa arbab, na kusema kweli niliogopa sana. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwendea.

“Arbab, koki iko chini ya baraza. Niliyeifukia ni mimi.”

Arbab akaniuliza, “Na nani atalivunja?”

“Mimi.”

“Yalla, anza basi.”

Nilipiga nyundo huku machozi yananitoka, na siyaonei haya. Fundi cherehani alivua koti la suti yake, akabeba vifusi. Kufikia adhuhuri koki ilikuwa imefukuliwa, mpira wake umelika. Tukaubadilisha, nikaweka bisibisi sikioni: kimya! Bi Zuhura alipiga vigelegele vikasikika mpaka mtaa wa pili. Hakuhama mtu hata mmoja.

“Khalas, yamekwisha,” arbab akasema. “Lijenge tena. Safari hii liwe na mlango wa kufikia koki.”

Sasa nimestaafu. Ijumaa iliyopita nilikwenda kukaa pale, Bi Zuhura akanimiminia kahawa. Natur mpya, Mkenya asiyenijua, akanijia kwa heshima, na bisibisi yangu imechomoza mfukoni mwake.

“Shikamoo mzee. Kaa tu, lakini hapo chini kuna koki. Tukitaka kufungua, itabidi uinuke.”

“Marahaba, mwanangu,” nikamjibu. “Nitainuka mbio.”