Kilio cha Msichana wa Kitabuni

Miezi ile ofisi yetu ilipofungwa, nilibaki nyumbani na mama. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka mingi, lakini sasa macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hawezi tena kusoma. Kila alasiri tulikaa barazani, ziwa likiwa chini yetu, nikamsomea. Vitabu vya watakatifu vikaisha. Ikabaki riwaya moja ya Kijapani, imetafsiriwa kwa Kifaransa, ambayo rafiki wa kikundi chetu cha wasomaji aliniachia kabla ya kuvuka mpaka. Kikundini tuliisifu sana: giza lake, ubaridi wake, jinsi mwandishi asivyomhurumia mtu. Nilimwonya mama kwamba inatisha.

"Mimi nimeona vita ngapi?" alisema. "Soma."

Ilikuwa hadithi ya mji wa siku zijazo, ambako serikali imekataza watu kuulizana habari. Msichana mmoja anafungiwa na mwanamume katika chumba kilichoko juu ghorofani. Anagonga ukuta. Majirani wanasikia, wanaongeza sauti ya redio.

Mama akaweka mkono juu ya ukurasa.

"Majirani beko wapi?"

"Wapo, maman. Wanaogopa."

"Hata mumoja hawezi kuja kuomba chumvi? Unaomba chumvi, unaangalia ndani."

Kikundini tulikuwa tumejadili utawala wa mabavu na upweke wa miji mikubwa. Hakuna aliyefikiria chumvi.

Jioni tuliposali rozari, baada ya kuwaombea wagonjwa na ndugu walio mbali, mama akaongeza: "Na ule mutoto mwanamuke wa Japani, mwenye balifungia."

Nikacheka. "Maman, ni kitabu tu."

"Kwani Mungu hasomaka vitabu?"

Akawa anamwombea kila siku. Nami nikawa nasoma polepole, kurasa chache chache, kwa sababu nilijua mwisho wake.

Mwisho ni kwamba msichana anafia mle ndani. Mwili unachomwa bila jina, na majirani wanapunguza sauti ya redio. Nilipofunga kitabu niliogopa kwamba nimemuumiza mama.

"Hakuna mwenye alimulilia?"

"Hakuna, maman."

"Basi sisi tumulilie."

Akajifunga kitenge kichwani, akatandika mkeka, akakaa chini kama tukaavyo kwenye kilio. Nikakaa kando yake, nikijiona mjinga kidogo. Mama mmoja jirani yetu, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alikuwa anapita na beseni lake. Alipotuona chini akasimama.

"Nani amekufa?"

"Mutoto wa batu ba mbali," mama akajibu.

Jirani hakuuliza zaidi. Akatua beseni, akavua kandambili, akakaa nasi.

Ndipo mama akaanza kusema habari za dada yake mdogo, aliyefariki njiani walipokuwa wanakimbia vita kutoka Nyangezi. Walimfunika kwa udongo na majani, wakaendelea kutembea kwa sababu wengine walikuwa wanawasukuma kutoka nyuma. "Sikulia," alisema. "Nilikuwa nimebeba weye mugongoni. Kama ningelia, na weye ungelia, na bangetusikia."

Maisha yangu yote nilijua tu kwamba nilikuwa na mama mdogo aliyefariki kwa ugonjwa.

Mama akalia sasa, kwa sauti, bila haraka. Jirani alimshika bega, nami nikamshika mkono. Alipotulia, jirani akainuka, akaingia jikoni kwetu bila kuuliza, akawasha makaa na kuteleka maji ya chai.